Hakuna Mwizi wa Wazo Lako

Kabla ya kunionyesha alichotengeneza, kijana yule alinitaka nitie saini. Karatasi ilikuwa na kurasa 3 za lugha ya kisheria, na ukiyachuja maneno yote yalibaki haya: ukilitaja wazo hili popote, tutaonana mahakamani. Nikatia saini, nikavaa miwani. Mbele yangu akatokea mtoto mchanga, hajalia, rangi imempotea. Mkononi nilishikishwa ambu halisi, ile begi ya kupulizia hewa ambayo kila mkunga anaifahamu. Nilitakiwa nimpe pumzi kabla dakika 1 haijaisha.

"Wazo ni kufundisha wauguzi vifaa vya hospitali kwa uhalisia pepe," alininong'oneza nilipovua. "Nataka nilipatie hataza kabla hawajaliiba."

Imani hii imeota mizizi: kwamba uvumbuzi ni wazo, na kwamba anayewahi dirishani ndiye mwenye wazo. Inahubiriwa kwenye mashindano ya vijana wabunifu, na wapo mawakili wasioikanusha, kwa kuwa ombi la hataza hulipiwa hata likikataliwa. Ni imani potofu. Inawafanya vijana wavundike mawazo kama ndizi, huku wauguzi ambao wangewaambia kasoro za kazi yao wakifungiwa nje.

Tuanze na umri wa wazo lenyewe. Mwaka 1929, Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, fundi aliyekulia katika kiwanda cha vinanda cha familia yake, aliomba hataza ya ndege isiyoruka. Ilikuwa kibanda chenye usukani, kinachoinama na kugeuka kwa mivukuto, jamii ya ileile iliyokuwa ikipuliza vinanda vya baba yake. Hataza aliipata mwaka 1931. Kwa muda kibanda chake kilichukuliwa kama mchezo wa kwenye maonyesho, mpaka mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani, waliopewa kazi ya kubeba barua, walipoanza kufa kwenye mawingu na giza. Jeshi likanunua vibanda 6.

Mwaka 1962 Morton Heilig naye akapewa hataza ya Sensorama, kibanda chenye picha, sauti, upepo, harufu na kiti kinachotikisika. Katika maelezo ya hataza hiyo aliwataja wanajeshi wanaopaswa kujifunza mitambo tata na ya hatari bila kuhatarisha maisha yao wala kuiharibu mitambo yenyewe. Lisome tena wazo la kijana wangu, kisha uniambie kilichoongezeka ni nini zaidi ya neno "wauguzi". Na hata kwenye tiba, mwaka 2004 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilipoiruhusu stenti ya mshipa wa shingo ya kampuni ya Guidant, mafunzo ya madaktari yalijumuisha mashine za kompyuta za kuigiza upasuaji. Kijana huyu wakati huo alikuwa chekechea.

Anayesema kwamba miwani inaligeuza somo la zamani kuwa uvumbuzi anawavisha vijana kilemba cha ukoka. Link hakupewa hataza kwa kuwaza kwamba rubani ajifunzie ardhini. Alipewa kwa jinsi kibanda kilivyofanya kazi.

Mahakama zimelisema hili kwa namna ambayo haihitaji digrii ya sheria kuielewa. Mwaka 2014, katika kesi ya kampuni ya Alice, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wazo dhahania halipati hataza kwa sababu tu limepakiwa kwenye kompyuta ya kawaida. Miaka 6 baadaye kampuni ya Simio, iliyokuwa ikiuza programu za kuigiza mifumo ya kazi, iliingia mahakama ya rufaa ya shirikisho na hataza yake ikatoka imekufa: kurahisisha uundaji wa mwigo kwa kutumia picha badala ya kuandika msimbo hakukutosha. Lakini mahakama hiyohiyo mwaka 2017 iliipa ushindi Thales Visionix, ambayo hataza yake ilihusu vihisio viwili, kimoja kwenye kofia ya rubani na kingine kwenye ndege yenyewe, vilivyopangwa ili kichwa kipimwe kwa kulinganishwa na ndege, si na dunia. Hesabu zilikuwemo, na kompyuta ilikuwemo. Kilichowaokoa Thales ni kwamba walipata namna mpya ya kupima mwendo, yenye makosa machache.

Ulaya wamefika karibu na hapohapo kwa njia yao. Tarehe 10 Machi 2021 baraza kuu la rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya lilitoa uamuzi G 1/19, uliotokana na programu ya kuigiza umati wa watu wakipita ndani ya jengo. Uamuzi huo ningeubandika kwenye mlango wa kila kituo cha ubunifu Nairobi na Dar es Salaam. Mwigo haunyimwi hataza kwa kuwa ni mwigo. Wala haupewi kwa kuwa kinachoigizwa ni cha kiufundi. Eti "changu kinahusu kifaa tiba"? Vizuri, ila hilo halimshughulishi mkaguzi. Atauliza ni tatizo gani la kiufundi ulilolitatua, na kama mtu wa fani hiyo asingelitatua vilevile bila kuumiza kichwa.

(Wapo pia wanaoapa kwamba programu haipati hataza kamwe. Hao nao wamekosea. Mkataba wa Hataza wa Ulaya unaizuia programu ikiwa yenyewe tu.)

Ukitaka kujua thamani inakolala, itazame Immersion, iliyokuwa California wakati huo. Kampuni hii iliwahi kutengeneza mashine za kufundishia madaktari, lakini kilichoitikisa Sony ni hataza zake za mtetemo, ule unaousikia kiganjani unaposhika kidude cha kuchezea gemu. Mwaka 2004 baraza la wazee wa mahakama liliamua Sony ilipe dola milioni 82, na mwaka 2007 pande mbili zikapatana. Hapakuwa na ugomvi juu ya wazo la gemu. Waligombania kiganja.

Nirudi kwa kijana. Nilipokuwa nikiminya ile ambu, kila kichwa cha mtoto kilipokaa vibaya, begi ilikuwa ngumu, hewa haiendi. Kikinyooka, inalainika. Mdoli haukuwepo, nilishika begi tupu. Nikamuuliza inakuwaje. Akacheka, akaona nimeuliza jambo dogo. Chini ya meza alikuwa amefunga waya wa breki ya bodaboda unaovuta vali. Mwanzo waya ulichelewa, jicho likaona kabla mkono haujahisi, na wakunga wawili waliojaribu wakalalamika kizunguzungu. Ndipo akaifundisha programu ianze kuvuta mapema, kwa kukisia kichwa kinakoelekea.

Kwenye zile kurasa 3 za siri, waya haukutajwa hata kwa neno moja.

Najua jibu lake: wakubwa wataniibia. Msimbo wake na picha zake tayari zinalindwa na hakimiliki, ambayo watu wengi huichanganya na hataza, na haihitaji wakili wa kuiombea. Wazo la jumla haliibiki, kwa kuwa halikuwa lake. Kinachobaki ni waya na ile hesabu ya kuwahi. Mkaguzi angepekua kwanza kila kilichowahi kuchapishwa, na pengine angekuta mwingine amemtangulia, lakini walau angekuwa na kitu cha kupekua.

Na hicho ndicho kinachopotezwa na onyesho la hadharani. Marekani humpa mvumbuzi mwaka 1 wa kuomba tangu alipokitoa mwenyewe hadharani. Ulaya kwa kawaida haimpi hata siku 1. Nilimuuliza ni watu wangapi wameuona waya ule.

"Wengi tu," alisema. "Kwenye maonyesho mezani hapakuwa na kitambaa."