Msimtoze Maskini Gharama ya Kuthibitisha Umaskini

Kila dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, mtoto wa maskini huambiwa alete ushahidi kwamba kwao hakuna kitu. Na ushahidi huo unanunuliwa. Ada ya kuomba Bodi ya Mikopo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, na ukikosa mkopo hairudi. Hapo hujalipia uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, hujamwona wakili akugongee muhuri, hujachapa fomu na kuipandisha kwenye mfumo, hujapanda gari kwenda mjini zinakopatikana huduma hizo. Mdhamini mwenye kitambulisho naye bado hujampata. Kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga, hiyo ni mitaji mingapi?

Halafu tazama majira yenyewe. Vijana wa kidato cha sita humaliza mtihani mwezi Mei, na wengi huitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Dirisha linakuja wakiwa kambini. Binti wa Kakonko yuko kwenye kwata Mafinga. Karatasi zake ziko Kigoma, na wa kuzihangaikia ni mama asiye na simu janja wala nauli. Maofisa wa Bodi huwafuata vijana makambini kuwaelekeza namna ya kuomba, na kwa hilo nawapongeza. Lakini maelekezo hayampi mtu cheti asichokuwa nacho.

Cheti kinachoniumiza kuliko vyote ni cha kifo. Yatima anapewa kipaumbele, jambo la haki kabisa, mradi athibitishe kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa. Lakini vijijini kwetu ni wangapi walizikwa pasipo mtu kukumbuka kusajili? Mzee alifia nyumbani, majirani wakachimba kaburi, watu wakarudi shambani. Mtoto alikuwa darasa la pili. Leo ana miaka 19, kijiji kizima kinajua baba yake amelala wapi, lakini kwenye mfumo mzee huyo hajafa. Aanze sasa kutafuta mashahidi wa msiba wa miaka kumi na kitu iliyopita, tena kabla dirisha halijafungwa!

Na yule ambaye baba yake hakufa, ila aliondoka? Alikwenda machimbo ya Geita akaoa huko, hajatuma hata daftari. Cheti cha kifo hakuna, kwa kuwa kifo hakuna. Mtoto huyo amelelewa na mama peke yake tangu anyonye, amelala njaa sawasawa na yatima, pengine zaidi, na hakuna dirisha la ofisi yoyote linalotoa cheti cha baba aliyetoroka. Huyu nani anamsemea?

Yupo pia aliyesomeshwa shule binafsi na kanisa au na mfadhili. Jina la shule linamfanya aonekane wa kishua, na yeye ndiye anayetakiwa kuliondoa doa hilo kwa barua.

Najua jibu litakalokuja: kuna walaghai, kuna watoto wa wenye nazo wanaojifanya yatima. Wapo. Lakini karatasi ya kughushi hutengenezwa na mwenye fedha na mtu anayemjua ofisini. Kila muhuri mnaoongeza, mwenye fedha anaununua, na asiye nazo anaishia mlangoni kwa mtendaji, anaambiwa arudi kesho. Ukaguzi wa namna hii unawachuja wale wale ambao Bodi iliundwa, kwa sheria ya mwaka 2004, ili iwasaidie.

Na Serikali inajua maskini ni nani. TASAF, mfuko wake wa kusaidia kaya maskini, ilizipata kaya hizo kwenye mikutano ya vijiji, mbele ya majirani. Vyeti viko RITA, vitambulisho NIDA, matokeo NECTA. Zote ni ofisi za Serikali moja. Kwa nini mtoto wa miaka 19 awe tarishi wa kuzipelekea ofisi hizo taarifa ambazo tayari zinazo? Ziulizane zenyewe, kwa gharama zake.

Wala hatuombi sadaka. Huu ni mkopo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Atakayelipa namna hiyo anastahili kupokewa kwa heshima.

Kwa hiyo kabla ya dirisha lijalo: ada ya maombi ifutwe kwa kila mtoto wa kaya ya TASAF. Pale ambapo cheti cha kifo hakipo, au baba ametoroka, mkutano wa kijiji ukubalike kama shahidi, kwa maana TASAF ilikwisha kuuamini mkutano huo huo kwa fedha za umma. Muda uongezwe kwa walio JKT. Na kila anayenyimwa aandikiwe ni kigezo gani kimemwangusha, mapema, rufaa ikiwa bado wazi.