Sifa Twazitaka, Gharama Twazikimbia

Mnamo Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Pongezi zilimiminika kila pembe. Mwezi uliofuata, UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tukashangilia tena, maana msingi wa Kiswahili sanifu ni Kiunguja cha mjini. Mwaka 2022 Serikali ya Muungano ikaanzisha ufadhili unaoitwa Samia, wa kuwasomesha vyuo vikuu vijana waliofaulu vizuri zaidi kidato cha sita. Waliofaulu masomo gani? Ya sayansi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kijana wa Makunduchi aliyeng'ara katika Fizikia na Hisabati anaweza kusomeshwa kwa fedha za umma bila ya kudaiwa. Dada yake aliyeng'ara vivyo hivyo katika Historia na Kiswahili huachiwa mlango wa mkopo. Akiupata, anaanza maisha na deni. Hazina ni moja na jitihada ni moja. Kilichotofautiana ni thamani tuliyoipa akili ya kila mmoja wao.

Watasema nchi inahitaji madaktari na wahandisi, na fedha ni chache. Ni kweli, wala sitaki daktari apunguziwe hata senti. Lakini tukumbuke tunakula nini. Wageni wanaojaa vichochoroni Shangani hawaji kutazama maabara. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa historia na utamaduni wake. Tunaiuza historia, kisha tunaona hasara kumsomesha mwanahistoria! Huko ni kumkama ng'ombe na kumnyima majani.

Beit al Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mhandisi atatwambia ukuta mpya utabeba uzito gani. Lakini kwa nini usimamishwe, na wageni wasimuliwe khabari za nani ndani yake, hayo si maswali ya saruji. Kilimani, katika Nyaraka za Taifa, zimo karatasi za Kiarabu za enzi ya masultani. Tusipofunza vijana khati na lugha yake, tutangoja wageni waje kutusomea barua za babu zetu.

Wengine hujikinga kwa methali: kizuri chajiuza, mwenye kipaji atachomoza mwenyewe. Gurnah alichomoza, lakini wapi? Aliondoka kisiwani angali kijana, katika miaka ya 1960, akasoma Uingereza, na Chuo Kikuu cha Kent kikamwajiri kufundisha fasihi kwa zaidi ya miaka 30. Gharama ya kumlea mwanafasihi walilipa wengine. Sisi tulileta makofi.

Ninachodai si kikubwa. Ufadhili utolewe kwa kiwango cha kufaulu, si kwa jina la somo; kila mwaka zitengwe nafasi za vinara wa historia, lugha na fasihi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoirithi Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, kipewe fungu la kudumu la utafiti wa fani hizo. Wabunge wetu wa Dodoma na wawakilishi wa Chukwani hupitisha bajeti kila mwaka. Kabla hawajapanda tena jukwaani kukisifu Kiswahili, tuwaulize wamekitengea kiasi gani.