Mgongo wa Mchota Maji

Maumivu ni ya namna mbili, na mtu asiyezipambanua hutibu moja kwa dawa ya nyingine. Namna ya kwanza ni mjumbe mwaminifu. Mwiba umechoma, au mfupa umevunjika, au jino limeoza. Mjumbe hupiga hodi, habari hupokewa, jeraha hupona, naye huenda zake. Namna ya pili ni mjumbe aliyekwisha kutoa habari yake kisha akakataa kuondoka. Miezi mitatu hupita, pengine miaka mitatu. Mahali palipoumia aghalabu pamekwisha kupona, lakini neva zimezoea kupiga kelele hata kwa jambo dogo. Matabibu huyaita hayo maumivu sugu. Madai yangu ni kwamba katika nchi ya Turkana, toka Lodwar hata Kakuma, maumivu haya ya pili hutendewa kana kwamba ni yale ya kwanza, na wanaolipa gharama ya kosa hilo ni watu wasio na cha kulipa.

Mtazame mwanamke mmoja miongoni mwa wengi. Pengine ni Mturkana mwenyeji. Pengine ni mkimbizi katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, au katika makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka 2016. Mgongo haujui uraia. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20, nao huinuliwa toka chini hata kichwani, leo na kesho na keshokutwa. Kiuno chake kikianza kuuma haachi kuchota maji, maana watoto hawangoji kiuno kipone. Huenda dukani akanunua vidonge vichache vya kutuliza maumivu, ibuprofeni au diklofenaki, navyo humpa nafuu ya nusu siku. Juma la pili hurudi. Mwaka wa pili bado hurudi, na hakuna aliyemwuliza anachukua nini kichwani.

Vidonge hivyo si pipi. Mwili una kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huchochea maumivu na uvimbe, lakini pia hulinda utando wa tumbo na kuiweka wazi mishipa ipelekayo damu kwenye mafigo. Dawa izuiayo kemikali hizo haichagui: hunyamazisha kiuno na papo hapo huacha tumbo na figo bila mlinzi. Mtu aliyepungukiwa na maji mwilini ndiye ahitajiye ulinzi huo kuliko wote. Sasa fikiri, msomaji, juu ya mtu amezaye dawa hizo kila siku katika joto la Lodwar, ambalo mchana huzidi nyuzi 35 mara nyingi, naye hunywa maji kwa kipimo kwa kuwa ameyafuata mbali! Dawa ambayo ni rafiki kwa siku tatu huweza kuwa adui kwa miaka mitatu.

Je, kuna njia nyingine? Ipo. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno, maradhi ambayo kwa hesabu za mwaka 2020 yaliwashika watu milioni 619 duniani. Mwongozo ulisifu kumfundisha mgonjwa hali ya mwili wake, mazoezi yaliyopangwa, kukandwa, kunyoshwa uti kwa mikono ya mjuzi, na msaada wa kuituliza nafsi. Haukuzipiga marufuku dawa za jamii ya ibuprofeni, nami sidai hivyo. Lakini ulizikataa dawa za jamii ya afyuni, na mikanda ya kiuno, na mashine za kuvuta uti. Hata kulala kitandani, ushauri wa babu zetu na wa matabibu wengi wa zamani, kumeshindwa mtihani. Katika jiji la Helsinki, Ufini, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watu wenye maumivu mapya ya kiuno waliolazwa siku mbili walichelewa kupona kuliko walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Na huko Australia, mwaka 2024, watu waliokwisha kupona kiuno wakafundishwa kutembea kwa utaratibu walikaa siku 208, kwa kadiri ya katikati, kabla maumivu hayajarudi; wenzao wasiofundishwa walikaa siku 112.

Hapa mpinzani wangu hucheka. “Mturkana afundishwe kutembea?” Kicheko hicho ni cha haki, wala sitakikwepa. Lakini mwendo wa Australia ulipimwa, uliongezwa kidogo kidogo, haukuwa na mzigo, na mwenye kutembea alikuwa na mtaalamu wa kumweleza kwa nini maumivu si lazima yawe madhara. Mwanamke wa mtungi huenda kwa amri ya maji, si kwa kipimo cha mwili. Kwake tiba huanzia kwenye mzigo: mitungi miwili ya lita 10 badala ya mmoja wa lita 20, mkokoteni, punda ambaye Waturkana wamemfuga tangu zamani, jirani wa kumtwika, na mwana wa kiume aliyekaa kivulini anyanyuke. Kisha yafuate mazoezi machache ya kuimarisha mgongo na mapaja.

Mpinzani wa pili ni mgonjwa mwenyewe, na huyu namheshimu zaidi. Ametoka mbali, amepanga foleni tangu alfajiri. Akiambiwa maneno bila kidonge huona amedharauliwa. Hana kosa. Amefundishwa na zahanati nyingi kwamba huduma ni kitu kinachofungwa katika karatasi. Tena huhisi, wala si bila sababu, kwamba maneno huweza kuwa kisingizio cha rafu tupu. Basi isemwe waziwazi: atakayetumia habari hii kuficha kwamba dawa zimekwisha ni mdanganyifu. Mtaalamu wa viungo mwenye muda wa kukaa na mgonjwa nusu saa, tena kwa lugha aielewayo, si rahisi kupatikana kuliko mfuko wa vidonge.

Wala mtu asidhani kila mgongo hutibiwa kwa mazoezi. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti na kuula. Ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa maziwa mabichi na kwa kushika mifugo, huumiza viungo na kiuno katika nchi hii ya wafugaji. Homa, kukonda, jasho la usiku, miguu kulegea, au mkojo usiozuilika, ni dalili za kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na huko dawa ni haki ya mgonjwa. Ndiyo maana nalilaumu sana duka la vidonge: humnyamazisha mwenye kifua kikuu na mwenye mzigo mzito kwa kidonge kile kile, asijulikane yupi ni yupi.

Basi mwanamke yule akirudi mwezi ujao, apimwe kwanza. Isipoonekana dalili hata moja ya hizo, aulizwe maji huyateka wapi, mara ngapi kwa siku, na ni nani amsaidiaye kujitwika.