Haki ya askari ya kutunzwa isitegemee adresi yake

Tufikirie mabibi wawili wa askari. Mabwana wao wote wako mstari wa mbele, wana cheo kimoja na mshahara mmoja. Wa kwanza anakaa katika kambi ya mji mkubwa. Mtoto akishikwa na homa usiku, anamfunga mgongoni na kwenda naye kwa mguu mpaka hospitali ya jeshi. Wa pili anakaa Shabunda, ambako barabara zimekufa na mwenye haraka anatafuta nafasi katika ndege ndogo. Mtoto wake akishikwa na homa ile ile, anampeleka kwenye kituo cha afya cha raia. Pale analipa kama mtu mwingine yeyote, na asipokuwa na makuta anaacha kitenge au sufuria mpaka deni liishe.

Sheria haikuwatenganisha mama hawa. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inayohusu hali ya mwanajeshi wa FARDC, inatambua haki ya askari na familia yake ya kupata matunzo ya afya. Katiba yetu, katika kifungu cha 12, inasema kwamba Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria, na kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya wenye kuishi mjini. Kilichowatenganisha ni adresi tu. Na adresi hiyo si askari aliyeichagua: ni serikali iliyomtuma kule.

Ninajua jibu ambalo wakubwa wetu wanapenda kutoa. Nchi ni kubwa, iko vitani, makuta hayatoshi, na haiwezekani kujenga hospitali ya jeshi katika kila moja ya teritware 145. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini kama sababu ingekuwa umaskini tu, shida hii isingepatikana katika nchi tajiri. Basi tuangalie Marekani, nchi ambayo jeshi lake linatumia makuta kuliko jeshi lingine lolote duniani.

Marekani nayo ina teritware zake, ingawa si za namna ya zetu. Ni visiwa vilivyo chini ya bendera yake bila kuwa majimbo kamili. Vyenye kukaliwa na watu ni sehemu tano: Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin, Samoa ya Marekani na Mariana ya Kaskazini. Puerto Rico na Guam zilichukuliwa kutoka Hispania mwaka 1898. Watoto wa visiwa hivyo wamepigana katika vita vya Marekani kwa vizazi vingi. Kikosi cha 65 cha Puerto Rico kilipigana Korea, na mwaka 2014 sheria ilipitishwa ya kukipa medali ya dhahabu ya Congress.

Sasa tuangalie matunzo. Jeshi la Marekani lina mpango wa afya unaoitwa TRICARE. Ndani yake kuna aina moja yenye gharama ndogo, TRICARE Prime. Askari aliyestaafu anajiandikisha, anapewa munganga wa kumfuata, na anapoenda kutibiwa analipa kidogo tu. Mstaafu wa Hawaii anaweza kuiomba. Mstaafu wa Puerto Rico au wa Guam hawezi, kwa sababu mpango unahesabu visiwa vyao kama nchi za nje. Anabakia na aina nyingine, ambayo inaweza kumlazimisha alipe kwanza kutoka mfuko wake, kisha atume karatasi na kungoja arudishiwe. Alivaa uniforme ile ile na kutumikia miaka ile ile.

Mtu atasema ni kwa sababu ya umbali. Lakini Hawaii nayo ni visiwa katikati ya bahari ya Pasifiki, mbali sana na bara. Tofauti ni kwamba tangu mwaka 1959 Hawaii ni jimbo kamili, lenye maseneta wawili na wabunge wenye kura. Guam haina seneta. Inatuma mjumbe mmoja ambaye anaweza kusema bungeni lakini hawezi kupiga kura sheria inapopitishwa, na raia wenye kuishi kule hawamchagui rais. Wajumbe wa visiwa hivyo wamepeleka zaidi ya mara moja mapendekezo ya kurekebisha jambo hili. Mapendekezo bila kura yanangoja huruma ya wengine.

Hapo ndipo ninapotaka tujitazame sisi wenyewe. Kwetu, teritware ni eneo la uchaguzi. Shabunda, Fizi, Walikale, Lubero na Beni zinatuma wabunge Kinshasa, na kura yao ina uzito sawa na ya mbunge wa Lukunga. Tuna kitu ambacho watu wa Guam wanakililia. Sasa, kama mama wa Shabunda bado anaacha sufuria yake kwenye kituo cha afya, hatuwezi kusema kwamba teritware yake haina sauti. Sauti iko, ila haitumiwi kwa ajili yake.

Kuna teritware mbili ambazo ninaziweka kando kwa uchungu: Masisi na Rutshuru. Kule vita vilizuia uchaguzi wa Desemba 2023. Watu walioteseka na vita hivi kuliko wengi hawakupata nafasi ya kuchagua mtu wa kuinua mkono bungeni kwa ajili yao. Wabunge wa teritware za jirani wanapaswa kuwabeba.

Wenye kuishi mjini wasifikiri kwamba hili ni jambo la watu wa pori. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Familia nyingi za askari zililazimika kuacha makambi. Mama aliyezoea hospitali ya jeshi hatua chache kutoka nyumbani akajikuta sawa na yule wa Shabunda. Haki iliyofungwa kwenye jengo moja inapotea siku jengo linapopotea.

Tufanye nini basi? Hatuhitaji kujenga hospitali 145 za jeshi. Nchi yetu tayari ina kanda za afya 519, na nyingi zina hospitali kubwa ya kanda. Nyingine ni za serikali, nyingine zinaongozwa na Wakatoliki au Waprotestanti. Jeshi lipatane na hospitali hizo. Bibi wa askari aonyeshe karatasi yake, atunzwe, na faktura ipelekwe kwa jeshi badala ya kupelekwa kwake. Vituo vya afya vinavyojengwa kwa programu ya teritware 145 viingizwe pia katika mapatano hayo.

Hiyo karatasi iwe mkononi mwa mama, isibaki katika mfuko wa bwana aliye vitani. Na bwana akianguka, isichukuliwe: wajane na yatima ndio wenye kuihitaji zaidi.

Wengine watauliza kuhusu askari wa uongo na majina ya hewa. Swali ni la haki. Lakini serikali iliwahi kuhesabu askari wake na kuwapa karatasi za utambulisho za biometria, kwa msaada wa EUSEC, ujumbe wa Umoja wa Ulaya. Nchi iliyoweza kumhesabu askari kwa ajili ya mshahara inaweza kuhesabu bibi na watoto wake kwa ajili ya dawa.

Hatari kubwa zaidi ni deni. Hospitali isipolipwa miezi mitatu, mwezi wa nne itaikataa karatasi hiyo, na hakuna atakayeilaumu, maana nayo inanunua dawa. Kwa hiyo makuta ya matunzo haya yawe na mstari wake katika bajeti, na wabunge wafuatilie kama yamefika kweli kwenye hospitali za teritware.

Waheshimiwa, kikao cha bajeti kinafunguliwa kila tarehe 15 Septemba. Waziri wa ulinzi atakapokuja mbele yenu, mwulizeni swali moja na msimwachie aondoke bila kutoa namba: katika teritware ngapi kati ya 145, leo hii, mtoto wa askari anatibiwa bila mama yake kulipa?