Watoto Wetu Wasiwe Kasuku

Kila mwaka mwezi wa Novemba ukaribiapo, wakati wakulima wa Ugogo wanaposafisha mashamba na kutazama mawingu, watoto wetu wa kidato cha nne nao hutazama mtihani wao wa taifa. Siku hizo biashara moja hushamiri katika maduka ya vitabu na ya kutoa nakala hapa Dodoma, na hata Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Ni biashara ya vijitabu vinavyomwambia mtoto kwamba dhamira za mchezo wa kuigiza ni hizi, dondoo za kukariri ni hizi, na majibu ya maswali ni haya. Mzazi mfanyakazi hutoa fedha yake kwa moyo mweupe, akidhani amemnunulia mwanawe elimu. Sisi twasema wazi kwamba mara nyingi amemnunulia sauti ya kasuku.

Tuchukue mfano. Mchezo uitwao "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe", alioutunga marehemu Edwin Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, umesomwa na kutahiniwa katika shule zetu kwa miaka mingi. Habari yake ni nyepesi kuisimulia. Kijana anatumwa na serikali kwenda kijijini kuhesabu watu. Anafika, anamwona binti, anasahau kilichompeleka. Mwisho wake anatoroka na binti huyo, na mzazi aliyeghadhibika anazitia moto karatasi za hesabu. Mwulize mtahiniwa aliyekariri kijitabu dhamira ya mchezo huo, naye atajibu bila kupumua: uzembe kazini, mapenzi, ulevi. Kisha mwulize: karatasi zile zilipoungua, ni nani aliyepata hasara? Hapo utamwona anatazama chini.

Na jibu la swali hilo limo mlangoni kwake. Tarehe 23 Agosti, 2022, Tanzania ilihesabu watu wake, ikapata 61,741,120. Katika hao, 3,085,625 walikuwa wa mkoa wa Dodoma. Kwa mtu asiyejali hizo ni tarakimu tu. Lakini kwa mama wa Bahi au wa Chamwino, anayeijua thamani ya ndoo moja ya maji wakati wa kiangazi, tarakimu hizo ni visima, ni madarasa, ni zahanati. Kijiji chenye watu elfu tatu kikiandikwa kuwa na elfu mbili, watu elfu moja wamekwisha kunyimwa maji kabla kisima hakijachimbwa. Huo ndio uzembe ambao mchezo huu unaufundisha. Mtoto aliyeufahamu hivyo hana haja ya kukaririshwa neno "uzembe". Atalieleza kwa maneno yake, na mtahini atajua kuwa amekutana na mtu mwenye akili yake.

Tena yapo maswali ambayo msomaji wa kweli hujiuliza. Je, kosa ni la karani peke yake? Aliyemtuma alimfundisha nini, na alimsimamia namna gani? Wanakijiji walielezwa faida ya kuhesabiwa, au waliona mgeni mwenye karatasi tu? Mtoto anayebishana na mwenzake juu ya maswali haya njiani akirudi nyumbani amejitayarisha kwa mtihani kuliko yule aliyemeza kurasa ishirini za uchambuzi wa mtu mwingine.

Wako watakaotujibu: "Nyinyi mwasema hivyo kwa kuwa hamkai katika chumba cha mtihani. Mtihani wataka dondoo, vitabu ni haba, na mwalimu mmoja ana wanafunzi wengi." Maneno hayo yana ukweli, wala hatuwalaumu walimu wetu. Ni kweli pia kwamba maswali ya fasihi humtaka mtahiniwa athibitishe hoja yake kwa michezo miwili aliyosoma. Lakini dondoo ni shahidi. Shahidi aitwaye barazani bila kujulikana alisimama wapi, alimwona nani na saa ngapi, huiharibu kesi ya yule aliyemwita. Hali kadhalika dondoo. Mtoto asipojua ni nani aliyesema, alimwambia nani, na katika tukio gani, heri asiiandike.

Kwa hiyo twawashauri vijana hivi. Kwanza, usome mchezo wote, tena kwa sauti, mkigawana sehemu watu watatu au wanne. Mchezo uliandikwa ili usikiwe, kama vile ngoma ya muheme isivyojulikana kwa kusimuliwa. Pili, katika daftari lako uandike dondoo chache, fupi, ulizozichagua mwenyewe, na kando ya kila moja useme msemaji, msikilizaji, tukio, na jambo linalofunuliwa. Tatu, kwa kila dhamira tafuta tukio linaloithibitisha, na lingine linaloitia shaka. Mwisho, ufunge kitabu, umsimulie mchezo huo mtu ambaye hajausoma, ikiwezekana bibi yako. Akikuuliza swali ukashindwa kulijibu, umekwisha kujua ukurasa wa kurudia.

Mwandishi wa makala haya alisoma shule ya misheni, na huko tulikariri katekisimu, swali kwa jibu. Palikuwa na mwalimu mmoja mzee ambaye, mtoto akimaliza kukariri bila kosa, alimwambia: "Vema. Sasa niambie kama unavyomwambia mama yako." Wengi tulinyamaza. Siku zile tulimwona mkali. Leo twamshukuru.

Hayo hayakuwa mageni kwa Mwalimu Nyerere. Katika "Elimu ya Kujitegemea", mwezi wa Machi, 1967, alionya juu ya mtihani upimao uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yanapotakiwa, bila kupima fikra wala utayari wa kutumikia. Naye mwenyewe, katikati ya mzigo wa uongozi, alikaa akatafsiri michezo miwili ya Shakespeare, "Julius Caesar" iliyotolewa mwaka 1963 na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969. Asingalijisumbua hivyo kama mchezo wa kuigiza ungekuwa orodha ya dondoo.

Nasi wanachama tusijifanye kuwa hatumo. Ni wangapi miongoni mwetu waliokariri ahadi za mwanachama, wakazisema kwa sauti kubwa mkutanoni, kisha wakafika kazini saa nne? Ni wangapi wanaolitaja Azimio la Arusha ilhali hawajapata kulisoma hata mara moja? Mtoto hujifunza kukariri kwa kutuona sisi tukikariri. Kama twataka aache, hatuna budi kutangulia.

Kwa hiyo twayaomba matawi ya chama na ya vyama vya wafanyakazi, hapa Dodoma na wilaya zake zote, yafanye mambo mawili. Fedha ya kununulia vijitabu vya majibu na inunue vitabu vyenyewe, hata kama ni nakala tano za kusoma kwa zamu. Na kabla ya Novemba, kila shule ipewe ukumbi jioni moja, wanafunzi wauigize mchezo wao, wazazi wakae watazame, kisha waulize maswali.

Kesho vijana hawa ndio watakaokuwa makarani, waganga, walimu na wahesabu watu wetu. Tukiwafundisha kukariri habari za Ngoswe bila kumfahamu, tusishangae siku tutakapokutana naye ofisini.