Nyongo Haimeng'enyi Mafuta

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa ni kitu gani kimeng'enyacho mafuta mwilini, aghalabu hujibu upesi kwamba ni nyongo. Jibu hilo limezoeleka mno, nalo ni kosa. Nyongo haina hata kimeng'enya kimoja cha mafuta.

Kazi ya nyongo, itengenezwayo na ini, yafanana na ile ya sabuni katika sufuria yenye mafuta. Huyatawanya mafuta yakawa vitone vidogo sana, lakini mafuta hubaki kuwa mafuta. Kinachoyavunja hasa ni lipasi, kimeng'enya kitokacho katika kongosho na kumiminwa katika duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Lipasi huikata molekuli ya mafuta, zikapatikana asidi za mafuta mbili na monogliseridi moja, ambazo huweza kupenya ukuta wa utumbo. Kadiri vitone vinavyokuwa vidogo, ndivyo lipasi inavyopata nafasi kubwa ya kufanya kazi. Basi ini na kongosho hutegemeana, lakini kazi zao si moja.

Ukweli huu si mpya. Katika miaka ya 1840, Claude Bernard wa Ufaransa aliwapasua sungura waliolishwa mafuta. Katika sungura, mfereji wa kongosho huingia utumboni chini kabisa ya ule wa nyongo. Bernard aliona kuwa mishipa ya limfu ilikuwa myeupe kama maziwa, kwa mafuta yaliyofyonzwa, kuanzia pale tu ulipoingia mfereji wa kongosho. Juu yake, palipokuwa na nyongo peke yake, haikuwa myeupe.

Wako watakaosema kwamba tofauti hii ni ya maneno tu. Sivyo. Mtu ambaye kongosho lake limeharibika hutoa kinyesi chenye mafuta na kukonda, ijapokuwa ini lake ni zima na nyongo anayo tele. Tena huweza kupungukiwa na vitamini A, D, E na K, ambazo hufyonzwa pamoja na mafuta. Tiba yake ni kupewa vimeng'enya vya kongosho wakati wa kula. Tabibu wa kesho aliyekariri jibu la nyongo atautafuta ugonjwa mahali usipokuwapo.

Kwa hiyo mwalimu asiridhike na orodha ya majina ya kukaririwa. Na awasimulie wanafunzi habari za sungura wa Bernard, kisha awaulize: kama nyongo ingetosha, mishipa ingeanza kuwa myeupe wapi? Swali hilo moja lina faida kuliko kurasa kumi za kunakili kutoka ubaoni.