Kwaresima ya wenye mhuri na bunduki

Ndugu zangu Wakristo tunaoishi Pemba, tu wachache, lakini mamlaka tuliyokabidhiwa si haba. Ukiwatoa wazee waliozaliwa hapa hapa, mabenchi ya makanisa yetu, Wete na Chake Chake, yamejaa waliohamishiwa kikazi kutoka Bara: polisi, askari, walimu, wauguzi, maofisa. Ndiyo maana wito huu nauanzia kwetu, kabla sijawageukia majirani zetu Waislamu ambao mwaka huu wa 2026 Ramadhani yao imeingia wiki moja na Jumatano yetu ya Majivu.

Injili ya Jumapili ya kwanza ya Kwaresima tunaijua. Ibilisi anampandisha Yesu mlimani, anamwonyesha milki zote za dunia na fahari yake, anamwahidi kumpa zote akimsujudia. Yesu anakataa. Sisi tumeshika zaidi lile jaribu la mkate: tunaacha nyama na sukari, tunahesabu tumefunga. Jaribu la milki tumewaachia marais na mawaziri, kana kwamba askari wa lindo hana milki yake, au karani mwenye mhuri.

Kisiwa hiki kinaijua gharama ya jaribu hilo. Januari 26 na 27, 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji waliopinga matokeo ya uchaguzi wa 2000. Zaidi ya watu 30 waliuawa Zanzibar, wengi wao hapa Pemba, na wengine kama 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Rais Benjamin Mkapa, Mkatoliki, ndiye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu. Mwaka 2019, katika kitabu cha maisha yake, alikiri kwamba mauaji yale ni doa katika urais wake. Namheshimu kwa kulisema. Lakini toba iliyochelewa miaka 18 haikumrudishia mtoto baba yake, na kati ya amri na maiti kulikuwa na vidole vya watu wa kawaida, wenye dini zao.

Halafu Machi 20, 2016. Uchaguzi wa marudio wa Zanzibar, baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa, ulifanyika Jumapili ya Matawi. Siku hiyo Kanisa humwimbia mfalme aliyeingia mjini juu ya punda, asiye na jeshi. Chama cha upinzani cha CUF kiliususia uchaguzi ule, kisha Pemba ikaanza kususiana yenyewe. Mtu alinyimwa kununua dukani kwa sababu ya chama chake, akanyimwa nafasi garini, hata mazishini watu wakatengana. Mikarafuu ilikatwa, mti unaosubiriwa miaka sita au zaidi kabla ya chumo la kwanza. Aliyekosa cheo alitumia nguvu aliyokuwa nayo, yaani wingi, kumwadhibu jirani. Hiyo nayo ni milki, na iliwashinda watu wema wengi.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 risasi zikarudi, watu wakazikwa tena. Kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe hapa Pemba, aliyakataa matokeo, lakini Desemba akaingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Akafariki Februari 17, 2021, siku ya Jumatano ya Majivu. Wapo wanaosema alifuata cheo. Mimi naona aliacha kilicho kigumu zaidi kukiacha, yaani kulipiza.

Sasa ninachoomba. Wewe uliyevaa sare, amua leo kukiwa na utulivu kwamba hutampiga risasi mtu asiye na silaha, na ulizungumze na wenzako katika jumuiya, maana usiku wa uchaguzi mtu aliye peke yake hukosa ujasiri. Wewe mwenye mhuri, fungua droo. Kuna fomu ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi iliyolala humo kwa sababu mwenyewe anajulikana kura yake. Mama mwenye fomu hiyo amepanda gari kutoka kijijini, amesimama barazani tangu asubuhi, kaambiwa aje kesho, na kesho hana nauli. Mhudumie kabla ya Pasaka, na usimuulize chama.

Sisi sote tuliobaki, Machi 29, Jumapili ya Matawi, tukitoka ibadani twende nyumba tulizozisusia au zilizotususia. Idi itakuwa imepita. Tuwaombe majirani Waislamu tufuatane, kwa sababu nyingi kati ya nyumba hizo ni za Waislamu waliosusiana wao kwa wao. Tusiende na kamera wala mwanasiasa. Tubishe hodi, tukae, tusikilize hata maneno makali. Viongozi wa jumuiya waanze kupanga Jumapili ijayo, kila nyumba ijue inakwenda wapi na nani, na atakayefungiwa mlango arudi wiki ya Pasaka.